Habu Inayokaza Asubuhi

Kalemela, 3 Juni 2024

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima, wasiwasi wangu ni nyinyi hapo Nkololo, hasa macho yako.

Baiskeli uliyonitengenezea Pasaka, ile ya mtumba yenye gia ndani ya habu, kitovu cha gurudumu la nyuma, inanitesa. Asubuhi nikienda kuchanja watoto, gia haibadiliki, na nikiacha kukanyaga, pedali zinaendelea kunisukuma miguu. Fundi wa hapa anataka kuitoa habu yote. Nimemkatalia. Nieleze kwa barua, maana kwenye simu unapiga kelele mpaka sikuelewi.

Binti yako,
Justina

Nkololo, 11 Juni 2024

Mwanangu Justina,

Marahaba. Sisi wazima na ng'ombe wazima. Anayeandika ni wifi yako Nyanjige, maana mikono yangu imejaa grisi. Macho ni vumbi la pamba tu, acha kunizeesha.

Huyo fundi asiiguse. Mgonjwa hakatwi mguu kabla ya kupimwa. Kwanza legeza waya wa gia. Ikikaza bado, waya hauna kosa. Halafu inua gurudumu ulizungushe kwa mkono. Likikwama, huenda nilibana mno koni zinazoshika gololi. Likizunguka vizuri lakini likaburuta pedali, ubovu uko ndani. Mwisho, ijaribu asubuhi, kisha saa saba mchana. Ikilainika kwa jua, mafuta yameganda. Ila hilo haliwezekani, niliweka mwenyewe yale mepesi ya cherehani.

Nijibu hata kama ni baya. Ikikuangusha njiani baiskeli niliyoitengeneza mimi, sitashika spana tena.

Baba yako,
Ndaki

Kalemela, 24 Juni 2024

Baba,

Shikamoo. Natumaini mmeamka salama. Nimepima yote. Waya mzima, koni nzima. Nikatandaza khanga, nikafungua habu, kila kipande nikakipanga kilivyotoka. Ilikuwa vumbi tu. Nimeosha kwa mafuta ya taa, nikaweka mafuta ya cherehani, sasa inateleza. Wabeja sana, baba.

Wifi Nyanjige, kuanzia hapa usimsomee. Ndani nilikuta utando wa njano unaonata, una harufu ya jikoni kwetu. Ni mafuta ya pamba. Baba alichukua chupa ya mapishi akidhani ni ya cherehani, yeye aliyekuwa akitaja saizi ya gololi kwa kuitupia jicho. Nimelia juu ya ile khanga. Akijua ataacha ufundi, na ufundi ndio unaomwamsha asubuhi. Madaktari wa macho watakuwa Bariadi mwezi wa saba. Mdanganye unavyoweza, ila mfikishe.

Binti yako,
Justina

Nkololo, 19 Agosti 2024

Mwanangu Justina,

Hujambo? Sisi hatujambo. Mwandiko huu wa kuku ni wangu mwenyewe. Bariadi walinitoa mtoto wa jicho la kulia, la kushoto litafuata mwezi wa kumi.

Jana nilimwomba Nyanjige barua zako. Ya pili akasema imeliwa na panya. Nimeikuta ndani ya Biblia yake. Usimlaumu, siri yako aliitunza.

Nimesoma mpaka mwisho. Lakini nilijua tangu siku ile aliponisomea. Vumbi haliingii kwenye habu iliyofungwa, hilo ulilisikia mara mia ukichungulia benchi langu, na mimi nikikufukuza kwamba spana si za wasichana. Ingekuwa kazi mbovu ya fundi mwingine, ungemsema kurasa mbili. Uliposema vumbi tu, nikajua unayemsitiri ni mimi. Ndiyo maana Nyanjige aliposema twende Bariadi kuulizia mbegu za pamba, nilivaa viatu bila kumuuliza nani anapanda pamba mwezi wa saba.

Nilikosea chupa, mwanangu, na nilikosea kukufukuza. La pili ndilo linaloniuma.

Krismasi uje na hiyo baiskeli. Tutaifungua tena hapa kwenye benchi, watu wote wakiona. Fundi utakuwa wewe, mimi nitakupa spana.

Baba yako,
Ndaki