Baba Mkwe na Mie Tunamtafuta Muuaji

Jumapili, alasiri. Mvua imenyesha tangu alfajiri, sasa yamebaki manyunyu tu na bati la jirani bado linachuruza. Leo sina zamu, na nina furaha ya kijinga, ile inayomfanya mtu atabasamu peke yake huku anachambua mchele.

Nianze na ungamo, maana nimeandika humu miaka miwili na hili sijawahi kulisema.

Mie napenda vitabu vya mauaji.

Si vile vya bastola na magari yanayofukuzana. Napenda vile vya kijiji kidogo chenye baridi huko Ulaya, watu wanaoka keki na kununiana kwa sababu ya mashindano ya maua, halafu asubuhi moja mtu anakutwa amekufa kwenye banda la bustani. Tena anakutwa kistaarabu, damu kidogo, hata chai yake haijapoa. Polisi anakuja, anamkamata asiye na kosa. Kisha anatokea mtu wa kawaida kabisa, hana cheo wala bunduki, hakutumwa na yeyote, anaanza kuulizauliza. Anauliza dukani, anauliza kanisani, anauliza huku anakunywa chai ya watu. Mwisho anajua.

Huku kwetu Temeke mtu wa hivyo tunamwita mmbea. Kule kwenye vitabu ndiye anayeokoa watu.

Nilikuwaga navisoma kwa kujificha. Mke wa mtu, mwezi wa nane tangu aolewe, akikutwa anasoma jinsi mwanamke fulani alivyomtilia mumewe sumu kwenye uji, haileti picha nzuri.

Mume wangu Idrisa anafanya kazi ya kutoa mizigo bandarini, ofisi yao iko Kurasini. Anaondoka mapema, anarudi amechoka na simu sikioni. Tunaishi kwa baba yake, Mzee Salum, karani mstaafu aliyetumia maisha yake kusimama gatini na kalamu akihesabu mizigo inayoshuka melini. Mama mkwe alifariki miaka mitatu kabla sijaolewa, Mungu amrehemu. Kwa hiyo nikiwa sina zamu kwenye duka la dawa ninakouza, pale Tandika, mchana humu ndani tunabaki wawili, mie na baba.

Na baba alikuwa haongei.

Si mkali. Nikimwamkia anaitika marahaba mwanangu, nikimtengea chakula anasema ahsante, basi. Mie nimekulia Singida, kwenye nyumba ambayo watu wanabishana hata na redio. Na yeye ni mkwe, siwezi kumzoea kama baba yangu mzazi, nikakaa mbele yake nikaanza stori. Nikaona labda hanitaki. Labda alitaka mwanawe aoe mtu wa pwani, anayejua kupika vitu vya nazi bila kuuliza. Nikamlilia Idrisa mwezi mzima atafute nyumba yetu wenyewe, hadi akapata moja Mbweni, kando ya bahari, mpya, vyumba viwili. Tulipanga kumwambia baba Ijumaa hii iliyopita.

Jumatatu, siku nne kabla, kitabu changu kikaanza kusomwa na mtu mwingine.

Ni kitabu cha Kiingereza nilichonunua kwa muuza vitabu vya mitumba, gamba limechanika. Mpelelezi wake ni fundi cherehani wa kijijini, mama mtu mzima, anayejua siri za wote kwa sababu anawapima nguo: nani kanenepa, nani kakonda kwa mawazo, nani kaomba ashonewe mfuko wa ndani. Nilikuwa nimefika katikati. Naweka alama kwa bahasha ya dawa, zile ndogo tunazoandikia kutwa mara tatu, na kitabu nakiacha juu ya kabati la vyombo. Jioni ile bahasha ilikuwa palepale, ila kurasa za mbele, ambazo mie sijazifikia, zilikuwa zimekunjwa pembe. Mie sikunji kurasa. Mama yangu ni mwalimu, angenichapa.

Watuhumiwa walikuwa wawili. Idrisa hasomi kitu kisicho na namba ya kontena. Jibu lilikuwa wazi, lakini nilishindwa kuliamini.

Jumanne dukani umeme ulikatika, tukaruhusiwa kuondoka mapema. Nikaingia kwa mlango wa uani, ndala nimezishika mkononi kama mwizi. Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda changu, miwani puani, midomo inacheza polepole. Kitabu amekishika kwa mikono miwili, mbali kidogo na macho.

Aliponiona akasimama. Mzee wa watu, kasimama kwa ajili yangu, kama mwanafunzi aliyekutwa na mwalimu. Niliona aibu kuliko yeye. Nikamwambia shikamoo, ingawa asubuhi nilishamwamkia. Akaitika. Tukabaki tumesimama, yeye na kitabu, mie na ndala zangu.

Kisha akasema, taratibu, "Huyu daktari anadanganya."

Nikasahau adabu yote. Nikasema hapana baba, daktari hana kosa, amwangalie yule mpwa wa marehemu aliyerudi ghafla kutoka safari. Baba akatikisa kichwa, akafungua ukurasa aliokuwa ameukunja, akanionyesha kwa kidole. Sanduku la marehemu lilishuka stesheni likiwa na kufuli tatu. Kurasa arobaini mbele lina kufuli mbili, na daktari ndiye aliyelibeba. Mie nilipita pale bila kuona kitu. Yeye aliona, kwa sababu miaka thelathini na moja kazi yake ilikuwa kuona kilichopungua kati ya meli na ghala.

Tukarudi nyuma, tukaanza tena pamoja. Tulikubaliana kusoma baada ya swala ya alasiri, mie nasoma kwa sauti, penye Kiingereza kigumu tunasaidiana, na hakuna ruhusa ya kutangulia. Sharti hilo la mwisho nililiweka mie, na baba alilikubali akiangalia pembeni.

Jumatano ilikuwa zamu yangu ya kung'aa. Kitabu kinadai marehemu alikunywa dawa ya moyo iliyozidi kwenye chai, akafa kabla hajamaliza kikombe. Nikamwambia baba hiyo dawa haiui haraka hivyo, mie naijua, naigusa kila siku. Inachukua saa kadhaa. Basi, baba akasema, hakuinywa kwenye chai, aliinywa mapema, na wote waliojitetea kwa muda wa chai utetezi wao umekufa. Akajipiga gotini. Hapo tukabishana wote wawili kwa sauti, tukitaja mke wa marehemu alikuwa na sababu gani ya kumuua mumewe na nani alikuwa wapi kabla ya chakula. Jirani alikuja kuazima jiko la mkaa, akasimama mlangoni akasikiliza kidogo, akaondoka bila jiko.

Alhamisi tukamaliza. Si daktari, si mpwa. Alikuwa mpiga kinanda wa kanisani, mzee mpole ambaye mie na baba tulimsifia tangu mwanzo kwamba ndiye mtu wa maana pekee pale kijijini. Fundi cherehani alimjua kwa mfuko wa ndani wa koti lake.

Baba alicheka. Miezi minane sijawahi kumsikia akicheka. Ana kicheko chembamba, kama si chake, na kikianza hakikatiki. Alivua miwani akajifuta macho kwa pindo la kanzu, akasema sisi wawili tungepewa ile kazi tungefunga kijiji kizima na muuaji tungemwachia huru.

Halafu akakifunga kitabu, akakiweka magotini. Nikadhani kimya kile cha zamani kimerudi.

"Mke wangu aliugua Jumatatu, Alhamisi tukamzika," alisema. "Watu walisema ni kazi ya Mungu, na mie nasema ni kazi ya Mungu. Ila hakuna aliyekaa akaniuliza siku zile zilikwendaje."

Sikujua mkamwana anatakiwa afanye nini hapo. Kwetu ningeinama nikasema pole baba, nikaondoka kwenda jikoni. Lakini siku tatu nilikuwa nimekaa na yule fundi, na yeye asingeondoka. Nikavuta kigoda karibu kidogo, nikamuuliza, "Jumatatu asubuhi, baba, aliamkaje?"

Akaniambia. Aliamka akilalamika bega, akasema amelalia mkono vibaya. Alikaanga vitumbua, akala kimoja. Nikauliza alisema nini kuhusu hicho kimoja. Nikauliza Jumanne nani alikuja, alivaa nguo gani kwenda hospitali, njiani waliongea nini. Baba alijibu yote. Mengine alikuwa hajayagusa miaka yote hiyo. Alikumbuka kwamba Jumatano mama mkwe aliuliza kama kuku wamefungiwa, na kwamba alimjibu wamefungiwa, wakati hakuwa na hakika. Hilo lilimkaa moyoni kumbe. Hatukumpata mkosaji. Hakuwepo. Lakini baba alipomaliza mabega yake yalikuwa yameshuka, akaomba chai, na alipoipokea akaniita kwa jina langu, Neema, kwa mara ya kwanza.

Halafu ikaja Ijumaa.

Idrisa alirudi mapema kwa ajili ya swala. Tulikula, akakohoa kidogo, akaniangalia. Nilitamani nimfinye anyamaze. Kabla hajafungua mdomo baba aliinua mkono, akasema tukae sote sebuleni, ana neno.

"Mnahama," alisema.

Idrisa akaniangalia kwa jicho la nani kasema. Baba akasema hakuna aliyemwambia. Idrisa anafanya kazi Kurasini, viatu vyake siku zote vinarudi na tope jeusi la yadi za makontena, lakini Jumamosi mbili mfululizo vimerudi na mchanga mweupe. Neema amepima kitambaa cha mapazia, na madirisha yote ya humu yana mapazia. Na bomba la jikoni linavuja, alisema. Neema alililalamikia kwa mumewe kila siku, halafu wiki tatu sasa hajalitaja. "Mtu anayekaa hulalamikia bomba. Anayeondoka hunyamaza."

Idrisa alikuwa na sura ya yule polisi wa kwenye kitabu. Mie nilikuwa nataka kulia na kucheka kwa pamoja, maana sijawahi kufumaniwa kwa uzuri kiasi kile.

Baba akanigeukia. "Na sababu naijua, mwanangu. Nyumba hii ina kimya, na kimya ni changu. Marehemu ndiye aliyekuwa anaongea humu, mie kazi yangu kuitikia. Alipoondoka nikabaki sina wa kumwitikia. Sikuwa na neno na wewe hata siku moja. Nendeni, radhi yangu mnayo."

Miezi minane nimemsoma vibaya mtu niliyekuwa naye ukuta kwa ukuta. Mie, mpenzi wa vitabu vya upelelezi, nilimwona mzee amenyamaza nikasema hanitaki, nikafunga kesi. Nimefanya alichofanya yule polisi. Naliandika hapa ili nisijisahaulishe.

Nikasema, "Baba, mie siendi."

 Baadaye chumbani Idrisa aliniuliza imekuwaje, mwezi mzima namlilia nyumba, leo nyumba ipo naikataa. Nilijaribu kumweleza habari za sanduku na kufuli tatu. Nadhani nilizidisha kumchanganya. Lakini jana asubuhi alimpigia mwenye nyumba wa Mbweni akamwambia ampe mtu mwingine.

Sijidanganyi. Kuna siku baba atanyamaza tena, na mie nitanuna, na bomba bado linavuja. Inshallah tukipata watoto tutataka nafasi yetu. Ila nikihama siku hiyo nitahama kwa sababu ya nafasi, si kwa sababu ya mtu ambaye sikuwahi kumuuliza swali.

Jana jioni baba alikwenda mwenyewe kwa muuza vitabu, kwa miguu, akarudi na viwili vimefungwa kwenye gazeti. Tumeanza kimoja leo baada ya adhuhuri, mvua ikipiga. Kuna mzee tajiri kakutwa amekufa kwenye kisima cha jumba lake, na mpelelezi ni mama anayefua nguo za kijiji kizima. Baba anamshuku mpishi. Mie simshuku mpishi hata kidogo, mpishi ni mtu mwema. Idrisa alikuwa kwenye kochi anajifanya anaangalia mpira kwenye simu, hadi alipouliza bila kuinua kichwa, "Kwani huyo mpishi ana funguo za wapi?"

Baba na mie tukatazamana. Tukamrudisha ukurasa wa kwanza, tukimsimulia wote wawili kwa mpigo, kila mmoja akimkosoa mwenzake.

Kesho mama atapiga simu kutoka Singida, kama kila Jumatatu, na ataniuliza Mbweni naingia lini. Nimefikiria sana nimjibuje mtu ambaye alishaanza kunitafutia masufuria. Nimeamua kumwambia ukweli.

Siwezi kuhama, mama. Bado hatujajua nani kamuua.