Mvua ya Kwanza Baada ya Roketi

Nyumba ya pembeni,
Nyuma ya karakana ya baiskeli,
Tarehe 9 Machi.

Mpendwa mpwa wangu,

Hujambo huko uliko? Masomo yanakwendaje, na ile baridi imepungua? Sisi hatujambo kiasi. Nasema kiasi kwa sababu nina hofu, mimi ambaye unajua niliwahi kumshika nyati pembe mpaka akaomba radhi.

Nimekupigia mara nne, simu yako haipatikani. Barua hii anakuletea jirani yetu fundi bomba, anasafiri leo.

Kazi yangu ya kituo cha hali ya hewa unaijua. Kila siku saa tatu asubuhi namimina maji ya kipima mvua kwenye bilauri yenye mistari, nasoma, naandika daftarini. Miaka ishirini na miwili! Bila mimi nchi hii isingejua kama imenyesha. Sasa ng'ambo ya kilima wamejenga uwanja wa kurushia roketi, na Jumatatu wakarusha ya kwanza. Mngurumo ulivua sufuria vifuniko, kuku wa mtaa mzima wakataga kwa mpigo. Ukabaki moshi mweupe umejikunja juu ya mapaa, hautaki kuondoka.

Hapo ndipo mdomo uliponiponza. Tulikuwa wiki saba bila mvua. Nilishamsikia mtaalamu wetu kituoni akieleza kuwa mvuke wa angani hauwi tone mpaka upate chembe ya vumbi ya kushikilia. Basi nikapita mtaani natangaza: "Moshi ule ni mbegu ya mvua! Wekeni mapipa nje!" Nikaongeza kuwa wenye roketi waliniuliza mimi kwanza warushe lini. Fundi cherehani akasema, "Bwana Mvua, na jua uliliwasha wewe?" Lakini pipa aliliweka. Kesho yake alasiri wingu likafunga, ikanyesha. Walinibeba mabegani, mpwa wangu.

Asubuhi nikaenda kupima. Milimita nane, na chini ya bilauri utando mweupe kama vumbi la chaki. Mtaalamu akachovya karatasi yake ya kupimia asidi, ikageuka nyekundu. Akaniambia moshi wa roketi ile una chembe za alumini na hewa ya asidi, na wingu huweza kuvishusha vyote. Kama moshi ndio ulioleta mvua, hata yeye hajui. Chembe zikizidi, alisema, maji hugawanyika vitone vidogo mno, wingu likakaa tu lisinyeshe. "Ila maji hayo asiyanywe mtu mpaka yapimwe." Akaondoka na chupa kwenda maabara, harudi hadi wiki ijayo.

Nyumba kumi na moja zilikuwa zinakunywa kwa neno langu.

Nilizipitia zote. Nikasema wazi: sikuulizwa na mtu, silijui lolote, mwageni. Kumi wakamwaga, wakanitukana, na matusi yale yalikuwa haki yangu. Fundi cherehani alimwagia viatu vyangu.

Ya kumi na moja ni ya mama yako. Amesimama mbele ya pipa, mikono kiunoni. "Kaka, tangu utoto unanidanganya. Uliniambia baba ndiye aliyeufunga mwezi kwa kamba. Leo nimwage maji niliyoyangoja wiki saba?" Nikamwambia majirani wamemwaga. "Wajinga, umewadanganya mara mbili." Anasema atayachemsha, na mtaalamu alishasema kuchemsha hakuondoi vitu vile. Nililia mbele yake, mimi! Akanisifu kuwa siku hizi nimejua kuigiza.

Leo anashika tumbo. Huenda si kitu. Lakini ndiye dada niliyebaki naye, na ninaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, na safari hii sitii chumvi hata punje.

Wewe hujawahi kumdanganya. Ukimaliza kusoma, mpigie fundi cherehani, namba yake nimeiandika nyuma ya karatasi, ampelekee mama yako simu mkononi, maana yake imeharibika. Mwambie amwage.

Nisalimie shangazi yako mpishi wa hospitali, na binamu yako yule mrefu. Wadogo zako wazima, hao nimewahamishia kwangu. Mungu akulinde, na akupe sauti ya kusikilizwa ambayo mimi nimeichezea.

Ni mimi, mjomba wako anayekupenda bila uongo wowote.

N.B. Usimwambie kuwa mimi ndiye niliyekuandikia. Akinisikia tu, atachota kikombe kingine.