Dirisha la Duka Lako Ndani ya Kompyuta

Shangazi mpendwa,

Ungekuwa hai leo ningekukimbilia dukani nikipiga kelele, nawe ungeniuliza, "We mtoto wa kaka, nani amekufa?" Hakufa mtu. Imefanya kazi!

Unakumbuka Mto Tana ulipofurika mpaka Garsen, ukahamisha bidhaa zote za duka? Sukari ukaipandisha darini, unga ukaupeleka kwa jirani wa kule mwinukoni. Lakini dirisha lilibaki lile lile. Mkulima akisema, "Nipe unga," anapewa, hajui umetoka wapi wala hajali. Kuna mfugaji mmoja alitaka kuingia ajichukulie, ukamfokea: "Hapa haingii mtu! Omba dirishani kama wenzako." Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Basi ile lugha ya kompyuta niliyoitunga kuwafundishia vijana wetu ilikuwa duka lisilo na dirisha. Programu ikitaka faili, inajiingilia yenyewe mpaka kwenye diski. Kwenye kompyuta yangu, sawa. Kwenye simu, ambako faili hukaa kwingine kabisa, inakwama. Na wanafunzi wangu wengi wana simu tu! Wiki iliyopita Amina, yule wa Tarasaa, akaniambia, "Mwalimu, mimi naacha. Hii kitu ni ya wenye kompyuta." Iliniuma, Shangazi. Darasa zima hakuna anayemfikia kwa akili, halafu ndiye anayeondoka.

Nikamwomba anivumilie kidogo, nikaikatia lugha yangu dirisha kama lako. Sasa programu inasema tu, "Nipe faili hii." Kile kiini cha lugha kinachoendesha programu ndicho kinachojua faili iko wapi: kwenye diski, kwenye simu, au imeshikwa kwa muda tu kwenye kumbukumbu. Vitu vikihama, programu haina habari. Wallahi, nilisoma mambo mengi mjini, kumbe hili nililiona kwako nikiwa mdogo!

Leo asubuhi Amina ameiendesha programu yake ile ile, bila kubadilisha hata herufi, kwenye simu yake yenye kioo kilichopasuka. Ikasoma faili! Alinipigia akipayuka hata simwelewi, nami nikapayuka zaidi yake, majirani wakatoka nje. Nilitamani sana ungekuwa mmoja wao.

Alipotulia akaniuliza, "Mwalimu, kesho tunaanza saa ngapi?"

Pumzika salama, Shangazi. Acha nikaandae somo.

Mtoto wa kaka yako