Waya wa Kinanda

Tarehe 9 Juni, mwaka wa arobaini na moja tangu nivuke mpaka.

Mshauri wetu mpendwa, naomba unisaidie kwa jambo ambalo sijamwambia hata mke wangu.

Nina miaka sabini na minne, nimestaafu kazi ya kusahihisha maandishi katika kiwanda cha uchapaji, na kwa karibu miaka arobaini nimekuwa mwalimu wa kwaya katika kanisa letu sisi tuliokimbia vita, ambako wananiita Mzee Nota kwa sababu mtu hafungui kinywa kabla sijaandika do-re-mi ubaoni. Mwaka wa kwanza hatukuwa na kitabu cha nyimbo hata kimoja, mchungaji akaniomba wimbo wa meza ya Bwana ifikapo Jumapili, muda ukanibana, nami nikachukua tuni ya dansi niliyokuwa nikiipiga kwa gitaa katika ukumbi wa pombe kabla sijaokoka, nikaipunguza mwendo hadi ikatambaa kama kinyonga, nikaitia maneno ya toba, na sikumwambia mtu. Wimbo ukapendwa. Tumeuimba kila meza, tumewazika wenzetu kwa huo huo, na watu wakisema siku ile Roho alinishukia, mimi huinamisha kichwa.

Mwaka jana kitinda mimba wangu, binti anayekata vioo vya miwani, aliomba vijana waongoze ibada moja kwa kinanda cha umeme na ngoma, nikakubali shingo upande. Kumbe walikuwa wamechagua wimbo wangu ili wanipe heshima, na walipouongeza mwendo, mshauri, ukarudi ulikotoka. Ilikuwa dansi ile ile, kila kona. Fundi cherehani mmoja, mama wa rika langu ambaye zamani alicheza katika ukumbi ule, akageuka, akanitazama, akatabasamu. Nikaogopa. Nikatembea hadi ukutani, nikachomoa waya wa kinanda, nikamwambia binti yangu mbele ya watu wote, "Umetuletea baa kanisani."

Akasema polepole, "Baba, huu si wimbo wako?"

Nikamwambia, "Kaa chini."

Hakukaa. Alitoka, vijana tisa wakamfuata, na sasa wanasali kwenye ghala la kupanga, vituo vitatu vya basi kutoka kwangu. Ni miezi kumi na minne. Mama yake humtembelea kila Jumapili mchana. Nilipojikaza kuuliza binti anaendeleaje, alinijibu, "Anaimba. Wewe je, bado unalinda soketi?"

Mwisho wa mwezi baraza la wazee litakaa kupiga marufuku muziki wa kisasa ibadani, na kwa kuwa wananiona msomi, wamenipa kazi ya kuandika sababu. Wiki mbili nimeitazama karatasi. Nikisema kweli, wimbo utachafuka na jina langu pia, na jina ndilo mzigo pekee niliovuka nao. Nikinyamaza, nitakuwa nimemfungia mwanangu mlango kwa mwandiko wangu mwenyewe. Niambie, muziki wa kidunia una nafasi mbele za Mungu au hauna, nami nifanye nini? Mpwa wangu ameniandikia kwamba vita vimekwisha na chumba changu kipo, nikafikiri niondoke kabla ya kikao. Lakini wenzangu wa bendi wamekufa, ule ukumbi sasa ni stoo ya saruji, na kukimbia mara moja kunatosha. Nyumbani sitarudi.

Mzee Nota

JIBU

Shikamoo, mzee wangu, na pole. Nilikuhurumia hadi ulipofika ukutani. Hapo huruma ikapungua.

Swali la muziki umekwisha kulijibu mwenyewe kwa miaka arobaini. Kama tuni ya dansi ingekuwa sumu, kanisa lenu zima lingekuwa limezikwa zamani. Watu wametubu kweli kwa tuni hiyo, na toba yao haifutiki leo. Vijana nao wana lao: ngoma ikimeza maneno, bibi wa benchi la nyuma anabaki na kelele tu, na hilo waambiwe. Ila mtu haambiwi kwa kuchomolewa waya.

Kilichokupeleka ukutani ni tabasamu la fundi cherehani, ukasingizia baa. Aibu ilikuwa ya saizi yako, ukamvika binti yako. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Wewe umeficha hadi umempoteza uliyemzaa.

Sasa sikiliza. Karatasi mrudishie mwenyekiti ikiwa tupu. Kabla ya kikao nenda kwa binti yako, peke yako, maana yeye ndiye uliyemwaibisha, naye ana haki ya kuwa wa kwanza kusikia. Azima gitaa kama huna. Usianze na Maandiko. Mpigie ile tuni kwa mwendo wake wa ukumbini, vidole vikikosea vikosee, halafu umwambie ulikoitoa. Akikasirika, kaa. Akicheka, kaa. Ndipo uende barazani useme hayo hayo, umesimama. Huenda wakakunyang'anya ubao wako, siwezi kukuahidi vinginevyo. Huenda pia binti asirudi kwenye kwaya yako kamwe, na usimwombe arudi. Mwombe radhi tu.

Nyumbani umesema hutarudi, nami nimekuelewa. Kwa mwanao ni vituo vitatu vya basi.