Usukani Mpya wa Mama Yako

Nyumba ya Kona,
Nyuma ya Kituo cha Mifugo.
Jumapili, 14 Juni.

Mpwa wangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, umelala vya kutosha na umekula kabla ya kuisoma, maana ni ndefu. Kile kifua chako cha baridi kinaendeleaje? Sisi huku hatujambo. Goti langu linanisumbua nikipanda ngazi na linanisamehe nikishuka, basi tunakwenda hivyo hivyo. Mama yako ni mzima, ila bega. Na habari za bega ndizo zilizonikalisha chini niandike.

Uliniandikia kwamba umekwisha ongea na muuza mikate wa mtaa wa pili, kwamba atakuja Jumamosi kuichukua pikipiki ya mama yako, na kwamba mimi nimkabidhi bila kufungua mjadala. Nilikuelewa. Tangu yule ng'ombe alipomvuta mama yako kwa kamba na bega likachomoka, wewe uliye mbali hupati usingizi simu yake isipopokelewa. Hofu ya mtoto kwa mzazi si kosa. Lakini daktari wa mifugo asiyeweza kufika zizini ni mwenye duka la dawa tu, na mama yako duka hakulisomea.

Nikamuuliza kinachomshinda hasa ni nini. "Kaka, kuendesha hakujanishinda," akanijibu. "Kimenishinda kuinama." Usukani ule ulikuwa chini na mbele; kuufikia ilimbidi anyooshe mikono mpaka bega lilalamike. Daktari wake alisema anaweza kuendesha ikiwa mikono itakaa karibu na kifua. Nikaona kwamba kabla ya kuuza pikipiki, tujaribu kwanza kubadilisha usukani.

Tukamwita fundi. Unamkumbuka, yule tunayemwita Kimya kwa sababu hajawahi kunyamaza. Alileta usukani mrefu, uliopinda kumrudia mwendeshaji, akaufunga bila shida. Shida ilianza kwenye nyaya, na hapa niruhusu nieleze kidogo, kwa kuwa nimefundisha fizikia maisha yangu yote na siku hizi hakuna tena anayelazimishwa kunisikiliza.

Kila kitufe unachokibonyeza kwenye usukani, iwe honi, indiketa, taa au swichi ya kuzima injini, kina waya wake unaoshuka mpaka nyuma ya taa kubwa ya mbele, ambako nyaya zote hukutana kama ukoo kwenye kikao. Ukiinua usukani kwa shubiri moja, nyaya hazikui nao. Lazima uzikate na kuziunga kwa kipande kipya. Tena huzikati zote mahali pamoja. Kila mmoja unaukata juu au chini kidogo ya jirani yake, ili viungo visirundikane vikafanya nundu, na kimoja kikichubuka kisiguse kingine.

Kimya alikuwa na waya wa rangi moja tu, mweusi. Alisema atakumbuka. Mama yako, ambaye haamini kumbukumbu za watu, aliingia ndani akatoka na vile vibandiko anavyobandika kwenye chupa za damu ya ng'ombe, akabandika kila waya pande zote mbili za mkato. Lakini mazoea yana taabu. Vibandiko vile vina nafasi ya jina la mgonjwa, jinsia na hali yake, naye akajaza zote. "Honi, jike, mzima." "Indiketa ya kushoto, jike, anachechemea." Kimya alicheka hadi akaangusha bisibisi.

"Daktari, na huyu wa breki ana mimba?"

"Huyo ni dume," mama yako akamjibu, "tena ana adabu kuliko wewe. Shika waya."

Kazi tuliifanyia stoo, kati ya ukuta na kabati la dawa, pale pikipiki iliposimama tangu ajali. Mama yako hakutaka iende gereji, maana gereji inatazamana na duka la muuza mikate, nawe ulikwisha mpa mtu tumaini. Tulilehemu viungo, tukavivika mipira myembamba, tukazirudisha nyaya nyuma ya taa. Tukawasha. Honi ililia, indiketa zikakonyeza, taa ikawaka. Kimya akafuta mikono, nami nikaridhika kama mwanafunzi aliyepata jibu kabla ya kusoma swali lote.

Jumamosi muuza mikate alifika mapema, na kreti mkononi, aipime nyuma ya kiti. Mama yako alikuwa amekwisha vaa kofia ngumu. Akamwomba asubiri azunguke mtaa mara moja. Alitoka taratibu mpaka getini, akakata kona kulia kuingia barabarani, na injini ikazima. Pikipiki ikamlalia upande wa bega bovu. Aliizuia kwa paja, lakini niliuona uso wake, na sitakuficha: aliumia.

"Mama, hata yenyewe imekataa," muuza mikate akasema, kwa upole kweli. "Niachie tu, nikusaidie kuirudisha ndani."

"Haijakataa, imekabwa," mama yako akasema. "Mnyama akianguka kila anapogeuza shingo, mwanangu, mimi siuzi mnyama. Naangalia shingo."

Akaunyoosha usukani, akawasha, ikawaka. Akaugeuza kulia, ikazima. Akaunyoosha tena, ikawaka.

Ndipo nilipoelewa. Stoo ile ni nyembamba, na usukani mpya ni mpana. Upande mmoja uligusa kabati na wa pili ukagusa ukuta. Kwa hiyo nyaya zote tulizipima gurudumu likiwa limenyooka, na hatukuwahi kuligeuza hata kidogo. Usukani ukigeuka, njia ya waya hurefuka. Ule wa swichi ya kuzima injini tulikuwa tumeukaza mno. Ulivutwa, kiungo kikaachia, umeme wa injini ukakatika, na usukani uliponyooka ncha zikagusana tena kana kwamba hakuna lililotokea.

Kimya aliitwa, akaja akiongea tangu njiani. Taa tuliifungulia pale pale nje, penye nafasi, tukaurefusha waya ule na kuzilegeza nyingine, na kebo ya klachi tukaipitisha upya ili isibanwe. Muuza mikate mwenyewe alitushikia pikipiki. Safari hii mama yako hakumwachia mtu: aligeuza usukani hadi mwisho kushoto, kisha hadi mwisho kulia, injini ikinguruma, huku akibonyeza kitufe kimoja kimoja kama anayepapasa tumbo la ndama. Haikuzima.

Muuza mikate akanitazama, maana ulimwambia neno la mwisho ni langu. Nikamwambia pikipiki ina mwenyewe, na mwenyewe amekaa juu yake.

Mama yako akaondoka kwenda kwa mfugaji mmoja ambaye ng'ombe wake amevimba kiwele. Alirudi kabla ya chakula cha mchana, akapita moja kwa moja jikoni kuweka barafu begani. Sitakudanganya kwamba bega limepona. Amesema hatapita ile njia ya mawe, na siku bega likimkatalia ataomba gari la mtu. Hayo aliyasema mwenyewe. Mimi sikumwekea sharti, na nakushauri nawe usimwekee.

Nakuomba umwandikie muuza mikate umtake radhi. Ameondoka na kreti yake bila neno baya, na mtu aliyeahidiwa na wewe hapaswi kuambiwa hapana na mjomba wako.

Mkaza mjomba wako anakusalimu, anasema upunguze kazi. Bibi yako anakusalimu sana. Kimya naye anakusalimu, kwa maneno mengi nisiyoweza kuyaandika yote. Mungu akulinde ulalapo na uamkapo, akupe riziki isiyokutenga nasi.

Mama yako amesema ukija likizo usikodi gari kutoka stendi. Atakuja kukupokea mwenyewe. Kwa hiyo usifunge sanduku kubwa.

Wako akupendaye bila kuchoka,
Mjomba