Nilisaini Kwamba Nilisikia

Arusha, 3 Machi 2024

Baba mpendwa,
Shikamoo. Natumai kifua kimepoa na mama hajambo. Mimi ni mzima. Naandika kwa kuwa kwenye simu husikii vizuri.

Uliuliza kazi yangu. Mimi ni kedi, nambebea mchezaji wa gofu mfuko wa fimbo zake. Kila shimo lina pa yake, yaani idadi ya mapigo ambayo mchezaji hodari hutarajiwa kutumia hadi mpira uingie. Akipunguza pigo moja ni bedi, akizidisha moja ni bogi. Mpira ukielekea penye watu, lazima apige kelele, “Foo!” ili wajikinge. Fransiska, kedi mwenzangu ninayekaa naye chumba kimoja, ndiye aliyenifundisha.

Mwanao,
Silvana

Kaengesa, 24 Machi 2024

Silvana mwanangu,
Marahaba. Barua nimeichukua stendi Sumbawanga. Tu wazima, ila upepo umelaza mahindi. Nimemweleza mama yako kwamba huko mwenye mapigo machache ndiye mshindi. Akacheka, akasema afadhali na jembe lingekuwa hivyo.

Hilo la “Foo” limenikaa moyoni. Mpira wenyewe ni mgumu kiasi gani? Na asipopiga kelele, je?

Baba yako,
Leonidas

Arusha, 19 Mei 2024

Baba,
Shikamoo. Nisamehe kwa kukaa kimya. Mwili ni mzima, moyo sio.

Mwezi uliopita bwana niliyembebea alipata bogi mbili mfululizo, akakasirika. Akapiga bila kungoja walio mbele wapishe. Mpira ukapinda. Hakupiga kelele, na mimi nilibaki mdomo wazi. Ukampata Fransiska, aliyekuwa na mchezaji wake huko mbele, jicho la kushoto. Jicho limekufa.

Meneja wa klabu ya gofu aliniwekea karatasi mezani. “Andika kwamba alipiga kelele, binti hakusikiliza. Kazi unaitaka, huitaki?” Nikasaini. Kwa karatasi hiyo klabu imekataa kumlipia matibabu.

Fransiska aliniuliza, “Silvana, wewe ulimsikia?” Nikajibu ndiyo. Kesho yake kaka yake, Victor, akaja kuhamisha vitu vyake.

Mwanao,
Silvana

Kaengesa, 2 Juni 2024

Silvana,
Marahaba. Ulezi tumevuna, baridi imeanza.

Mama yako aliniomba nimsomee barua kama kawaida. Nilipofika kwenye jicho nikashindwa. Nikamwambia umetusalimia tu, kazi ni nzuri. Miaka thelathini na moja ya ndoa, sijawahi kumsomea yasiyoandikwa. Sasa tumedanganya wawili.

Sikufokei. Woga naujua. Lakini leo namwambia mama yako kweli, nawe nenda ukaseme yako. Kazi ikikutoka, rudi nyumbani. Chakula kipo.

Baba yako

Arusha, 30 Juni 2024

Baba,
Shikamoo. Mama alinipigia simu, akalia tu.

Nilikwenda polisi nikaeleza nilichoona. Meneja alinifukuza siku hiyohiyo. Yule bwana ameweka wakili, na sijui shauri litaishaje.

Kisha nikaenda kwa Victor. Alitaka kunifungia mlango. Fransiska alikuwa ndani anachambua maharage. Nikamweleza yote. Aliendelea kuchambua mpaka maharage yakaisha kwenye ungo.

“Umechelewa,” akasema.

Nikainuka niondoke.

“Nani kakwambia uondoke?”

Akakitoa kigoda nilichokuwa nimekalia kushoto kwake, akakipapasa, akakiweka kulia.

“Kaa huku,” akasema, “nikuone.”

Mwanao,
Silvana