Nyumba Isiyosema Uongo

Dada yangu kipenzi,

Nakusalimu kwa mapenzi tele, nikitumaini maneno haya yatakukuta mzima huko ulikojibanza. Mkono unaendeleaje? Unakula? Usingizi unaupata? Sisi huku tu wazima, na mimi nimenenepa kwa raha mpaka pete inanibana. Najua utasema Kiherehere hajabadilika. Sijabadilika, dada! Nimeolewa tu.

Mama mshonaji amenifikishia ujumbe wako, kwamba hapo ulipo wameanza kukuchoka na Jumamosi unakuja kwangu. Nitakujibu hilo. Lakini nivumilie kwanza nikueleze habari za mume wangu, maana jibu langu liko kwake.

Unakumbuka siku ya harusi, mshereheshaji alipomwuliza mbele za watu kama mimi ndiye mwanamke mzuri kuliko wote duniani? Akajibu kwamba hawezi kusema, kwa sababu hajawaona wote. Ukumbi mzima ukaangua kicheko, mama mkwe akaficha uso. Mimi nilijua hapohapo kwamba nimepata mume. Kumbe ule ulikuwa utangulizi! Amekwisha kumwambia mama yake kuwa mchuzi umezidi chumvi, na jirani yetu kwamba gauni lake jipya linamfanya aonekane mgonjwa. Sokoni, anakopita kukagua mizani za wenye maduka, wanamwita Bwana Sawasawa. Wale wanaopunja wakimwona kwa mbali na sanduku lake la mawe ya mizani, ghafla wanakumbuka kuna msiba mahali. Mawe yale hayashiki kwa mkono mtupu, huyashika kwa kitambaa laini, kwani anasema hata jasho lina uzito wake. Ananiambia ni mimi peke yangu ninayeshikwa bila kitambaa, kisha anaona haya mwenyewe. Jamani, nisimpende vipi?

Jioni yeye huosha vyombo, mimi navifuta, huku akinifundisha. Anasema mizani isiposimama kwenye sifuri kabla hujapima, kila utakachopima kitakuwa uongo, hata kama unaisoma kwa uaminifu. Akili ni vivyo hivyo. Watu wengi huanzia kwenye hofu yao au faida yao, halafu wanamtafuta Mungu aje awaunge mkono. Yeye huanzia hapa: Mungu yupo, Mungu amesema, na Mungu hasemi uongo. Kutoka hapo hushuka ngazi moja moja. Kama ukweli ni tabia ya Mungu, na mtu ameumbwa kwa mfano wake, basi anayedanganya anaichana sura aliyopewa. Dada, mimi niliyemaliza kidato cha nne kwa kusukumwa, nilihisi kama nimefunguliwa dirisha. Kila kitu kikapata mahali pake: kazi, chakula, hata kupendana.

Alhamisi watu huja sebuleni kwetu kujifunza Maandiko. Siku moja mama mshonaji aliuliza kuhusu Rahabu, yule aliyewaficha wapelelezi kisha akawadanganya waliokuja kuwatafuta. Mume wangu akamjibu kwa upole kwamba Rahabu anasifiwa kwa imani na kwa kuwapokea wageni, hasifiwi kwa uongo wake. Mama mshonaji akasema sawa, ila wapelelezi wenyewe wangeulizwa wangejibu vingine. Watu wakacheka. Mimi nilimjazia mume wangu chai nikijivuna kama tausi.

Wiki ileile ndipo ulipomkimbia mumeo.

Nilimweleza yote, dada, akalia. Akasema mlango wetu uko wazi, na mumeo hatakugusa ila awe amepita juu ya maiti yake. Nikamwuliza, je, akija akauliza kama upo? Akasema atamwambia upo, kisha atasimama mlangoni. Mume wangu huyu, ambaye upepo ukivuma namshika mkono asipeperuke!

Na shemeji anakuja. Hilo hukulijua. Kila safari yake ikipitia huku, huliegesha lori mbele ya dirisha letu mpaka sebule inaingia giza mchana. Anabisha hodi kwa adabu, anavua kofia, hata birika jipya ametuletea. Huuliza swali moja tu, kama upo. Mume wangu humjibu kwamba hupo na hajui uliko, naye huamini. Hachungulii hata chumbani. Majuzi alicheka akasema hana haja ya kutupekua, kwa kuwa nyumba hii ina mtu asiyejua kudanganya, na siku Bwana Sawasawa atakapokaa kimya, huo ukimya utamtosha. Kisha akanywa chai yake taratibu mpaka tone la mwisho.

Ndiyo maana ujumbe wako sikumwambia mume wangu. Asichokijua hawezi kukisema.

Sasa nakuungamia. Jana shemeji alirudi, akanikuta uani naanika nguo. Safari hii hakuuliza kama upo. Aliuliza kama umeleta habari yoyote. Shuka nililoshika likawa zito kama limeloweshwa upya. Nikasema umekwenda kwa shangazi, yule mwenye vijana watano wapenda ngumi. Akanitazama. Hakuniamini, dada, nililiona hilo machoni pake. Mara mume wangu akatoka na sanduku lake, anakwenda kazini. Alikuwa amesikia. Uso ulimng'aa kwa furaha kwamba uko salama kwa ndugu. Shemeji akamgeukia, akamwuliza kama ni kweli. Mume wangu akasema yeye hakuwa na habari, ila mke wake hasemi uongo, akisema jambo ndivyo lilivyo.

Hapo shemeji akavaa kofia, akaondoka. Hakuniamini mimi. Alimwamini yeye.

Shangazi nimempigia simu, vijana wake wanamsubiri shemeji. Lakini atakukosa, na atarudi. Akirudi, mume wangu atamwambia hupo, na neno lake halitakuwa na uzito tena. Shemeji atapekua. Nimeichezea mizani ya mume wangu, naye hajui. Nimejaribu kuanzia palepale anapoanzia yeye: Mungu yupo, amesema, hasemi uongo. Nikishuka nakukuta wewe na mkono wako uliovunjwa, na wewe pia ni sura yake. Sijui ni ngazi gani niliyoikosea, au kama niliikosea.

Kwa hiyo usije kwetu, Jumamosi wala siku nyingine. Mama mshonaji ana chumba nyuma ya cherehani zake. Fuatana naye leo hii anapokuletea barua hii, kisha ichome.

Jioni nitamweleza mume wangu yote, isipokuwa mahali ulipo. Afadhali alisikie kwangu kuliko kulisikia mlangoni. Sasa hivi yuko sebuleni anafuta mawe yake, anaimba tenzi nje ya sauti kama kawaida yake, nami namsikiliza nikimpenda mpaka natetemeka. Birika la shemeji liko jikoni. Sijaweza kulitumia, wala kulitupa.

Wasalimie waliokuhifadhi, uwaambie Mungu atawalipa. Nami niombee, dada, maana lori limepita sasa hivi barabarani, na nimesikia likipunguza mwendo.

Ni mimi mdogo wako akupendaye daima,

Kiherehere